Safari ya Kumtafutia Mpwa Wetu Mji



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (s.a.w.), tungependa juma hili kuwasimulia safari ambayo hatukuitarajia. Katika kiangazi cha mwaka 2024 tulikwenda Marekani kumzuru mpwa wetu, binti wa dada yetu wa Mji wa Kale, Mombasa, anayeishi huko na mumewe na watoto wao wanne. Tulidhani tunakwenda kupumzika na kuwasomesha watoto wale Kurani kwa muda wa mwezi mmoja. Badala yake tulijikuta tumeingizwa katika mashauri mazito ya nyumba, kwani jamaa wale walikuwa wameazimia kuhama jimbo lao na kwenda jimbo jingine, na hawakujua wahamie wapi.

Tumeona tuyaandike haya kwa sababu hapa pwani ni nadra kuikuta nyumba isiyokuwa na mtoto ng'ambo, na sisi tuliobaki nyumbani ni hodari wa kutoa fatwa kuhusu miji tusiyoijua.

Daftari la mpwa wetu

Walikuwa wakikaa pembezoni mwa Boston, katika jimbo la Massachusetts. Boston ni mji wa elimu na hospitali kubwa, na jina lake likitajwa barazani kila mtu hutikisa kichwa kwa heshima. Nasi tulikuwa miongoni mwa hao watikisa vichwa. Lakini nyumba tuliyoikuta ilikuwa ya vyumba viwili kwa watu sita. Wavulana watatu walilala chumba kimoja, wazazi chumba cha pili, na binti mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alilala sebuleni. Kila alfajiri ilimbidi akunje matandiko yake kabla baba yake hajatoka kwenda kazini. Sisi wageni tulipofika, mtoto yule alihamia kwenye kochi jikoni, na hakusema neno.

Usiku mmoja baada ya Ishaa mpwa wetu alituletea daftari. Kodi ya nyumba ilikuwa dola 2,900 kwa mwezi, zaidi ya nusu ya mishahara ya watu wawili wanaofanya kazi kwa zamu. Chini yake kulikuwa na chakula, umeme, bima ya gari, nauli, na dawa za mama yake huku Mombasa. Tukashuka na kidole hadi tukafika kwenye mstari ulioandikwa hivi: "Mjomba, madrasa, 500."

Tulinyamaza. Sisi ndio tuliomwandikia mwaka uliotangulia, tukimkumbusha fadhila za sadaka yenye kuendelea ili achangie paa la madrasa yetu. Naye, kwa kuona haya kumnyima mjomba wake, alizichukua fedha zile katika kadi ya mkopo, na deni la kadi ile lilikuwa likizaa riba mwezi baada ya mwezi. Hakutuambia, wala hakumwambia mama yake. Basi sadaka tuliyoisifu mbele ya jamaa ilikuwa imepitia mlango wa riba, na aliyeusukuma mlango huo alikuwa sheikh.

"Mjomba," akasema, "sikuonyeshi ili nikulaumu. Nakuonyesha ili ujue kwa nini nataka kuhama."

Miji mitatu kwenye karatasi

Marekani kila jimbo lina sheria zake za kodi, leseni na misaada, hivyo kuhama jimbo hukaribia kuhama nchi. Mkwe wetu alikuwa ameandika miji kadhaa kwenye karatasi. Alianza na Texas, ambako jimbo halitozi kodi ya mapato kwenye mshahara wa mtu. Tukamwambia hiyo ni neema. Akatufahamisha kwamba kodi ya majumba kule ni kubwa, na mwenye nyumba hailipi kutoka mfukoni mwake bali huiteremsha kwenye kodi ya mpangaji. Isitoshe, miji yake imetandaa mno, na asiye na gari huwa kama mtu asiye na miguu. Lile linaloitwa unafuu mlango wa mbele, mara nyingi hudaiwa mlango wa uani. Texas ikafutwa.

Sisi tulipendekeza Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, maana tulikuwa tumesikia kwamba mwaka 2023 baraza la mji ule liliruhusu adhana ya sala zote tano isikike kwa vipaza sauti. Moyo wetu uliruka. Mpwa wetu alitabasamu kwa adabu, akasema, "Adhana, Mjomba, nitaisikia hata kwenye simu. Ninalotaka kujua ni nani atakayemchukua mtoto shuleni siku nitakayochelewa kazini."

Ikasalia miji miwili: Columbus katika jimbo la Ohio, na Lewiston katika jimbo la Maine. Tukaafikiana kwamba hatutachagua kwa kusikia. Mkwe wetu aliomba ruhusa ya siku chache kazini, tukapanda gari la viti saba, sisi saba, na safari ikaanza.

Columbus

Kutoka Boston hadi Columbus ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia mbili. Tulitoka baada ya Alfajiri na tukafika usiku, tukiwa tumeswali njiani kwa kukusanya na kupunguza, kwenye nyasi za vituo vya kupumzikia wasafiri. Columbus ni mji mkuu wa Ohio, wenye wakazi zaidi ya laki tisa, na jamii ya Wasomali walioko pale ndiyo kubwa zaidi Marekani baada ya ile ya Minnesota. Katika barabara ya Cleveland Avenue tulijihisi tuko Eastleigh: maduka ya nguo za stara, nyama ya halali, sambusa, chai ya maziwa yenye viungo, na akina mama wakitembea na mabuibui yao bila ya mtu kuwageukia.

Baada ya Alasiri tulikaa na wazee msikitini. Kila mmoja aliusifu mji: kazi zipo kwenye maghala ya bidhaa, misikiti ni mingi, harusi hazikosekani, na maiti akifa hupata wa kumswalia. Tulirudi tulikofikia tukiwa tumekwisha amua. Tulimwambia mpwa wetu, "Mwanangu, mji ni huu."

Naye alikuwa ametumia jioni ile pamoja na wanawake. Nao walimsifia mji, hawakuuvunja. Lakini aliwauliza maswali ambayo sisi hatukuwauliza wazee. Mtoto huendaje chuoni? Kwa gari, na wengi huenda Jumamosi na Jumapili tu. Na asiyejua kuendesha? Humsubiri mume. Na mume akiwa zamu ya usiku ghalani? Basi hukaa ndani na watoto. Wakamwambia pia kwamba mji wenyewe hukata asilimia 2.5 ya mshahara, mbali na kodi ya serikali kuu. Mpwa wetu wakati ule hakuwa na leseni ya gari. Kwa mumewe mji ulikuwa mpana. Kwake yeye ungekuwa chumba kimoja.

Tulilala tukitafakari jambo hili. Sisi wanaume tuliutazama mji kuanzia msikitini na sokoni, nao wakautazama kuanzia jikoni na mlango wa shule. Miji ilikuwa miwili ndani ya jina moja, na atakayeishi zaidi katika ule wa pili ni mama wa nyumba.

Lewiston

Tulirudi Boston, tukapumzika, kisha tukaelekea kaskazini. Lewiston ni safari ya saa mbili na nusu hivi. Ni mji mdogo, wenye watu wapatao elfu thelathini na saba, kando ya mto Androscoggin. Zamani ulikuwa mji wa viwanda vya nguo. Mifereji ilichimbwa kuyaleta maji ya mto yaendeshe mitambo, na wafanyakazi wakaja kwa maelfu kutoka Quebec, Kanada, wakizungumza Kifaransa. Katika karne iliyopita viwanda vilififia na kufungwa kimoja baada ya kingine, vijana wakaondoka, na maduka ya katikati ya mji yakabaki na vioo vitupu.

Mnamo Februari 2001 familia za Kisomali zilianza kuhamia pale. Wengi wao walikuwa wamekwisha pewa makazi katika miji mingine ya Marekani, kama vile viunga vya Atlanta. Walihama wenyewe kwa hiari yao, wakitafuta kodi nafuu, shule nzuri na usalama wa watoto wao. Yaani walifanya yale yale tuliyokuwa tukiyafanya sisi na lile gari letu la viti saba. Baada yao walikuja Wabantu wa Somalia, kisha watu wa Kongo, Djibouti, Angola na kwingineko.

Hatutawaficha kwamba hawakupokelewa kwa zulia. Oktoba 2002 meya wa wakati huo, Laurier Raymond, aliwaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi akiwataka wawazuie wenzao wasiendelee kuja, kwa kuwa mji umeelemewa. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi wa rangi kilikuja kufanya mkutano dhidi yao. Waliohudhuria mkutano huo walikuwa makumi, na siku hiyo hiyo maelfu ya wenyeji walikusanyika upande wa pili kuwaunga mkono wageni. Mwaka 2015 timu ya soka ya shule ya upili ya Lewiston, iliyojaa vijana wa familia hizo za wahamiaji, ilitwaa ubingwa wa jimbo. Leo katika barabara ya Lisbon, vioo vile vilivyokuwa vitupu vina vitambaa, mchele na tende.

Tuliulizia pia usalama, maana tarehe 25 Oktoba 2023 mtu mmoja aliwapiga risasi na kuwaua watu kumi na wanane katika mji huo. Yalikuwa hayajapita mwaka, na huzuni ilionekana machoni. Mkwe wetu aliuliza kama ni busara kuwaleta watoto pahali kama hapo. Mzee mmoja alijibu kwamba kabla ya siku ile Maine ilihesabiwa miongoni mwa majimbo yenye mauaji machache mno, na kwamba ajali ya siku moja na desturi ya kila siku ni vitu viwili. Jibu lile halikutuondolea hofu yote. Lakini lilikuwa jibu la mtu mkweli.

Mama wa Kibantu

Yaliyoamua mambo yalitokea jikoni kwa mama mmoja wa Kibantu wa Somalia. Jamii hii inatuhusu sisi watu wa pwani zaidi ya tunavyojua. Babu zao walichukuliwa karne ya kumi na tisa kutoka sehemu za Tanzania ya leo, Msumbiji na Malawi, wakauzwa kama watumwa huko Somalia, na baadhi yao katika bonde la Juba wamekihifadhi Kizigua hadi leo, lugha ya Handeni kule Tanga. Vita vilipowafukuza walikaa miaka mingi katika kambi za Dadaab na Kakuma humu mwetu Kenya, ndipo maelfu kati yao wakapelekwa Marekani kuanzia mwaka 2003. Mama yule alipotusikia tukisema Kiswahili, alijibu kwa Kiswahili cha kambini, akacheka, akasema, "Karibuni, watu wa nyumbani."

Hakutuuzia mji. Alianza na ubaya wake. Baridi, akasema, si hadithi. Mwezi wa Desemba jua hutua karibu na saa kumi jioni, na mwanamke aliyezoea baraza hushikwa na huzuni asiyoijua jina. Nyumba nyingi za Maine hupashwa joto kwa mafuta, na bei ya mafuta huweza kuula unafuu wote wa kodi. Kisha akamshika mpwa wetu mkono akamwonya juu ya majumba ya zamani katikati ya mji. Kabla ya mwaka 1978, ambapo sheria ya Marekani ilipiga marufuku, kuta zilipakwa rangi yenye madini ya risasi. Rangi hiyo ikichakaa huwa vumbi, mtoto akilila hudhurika ubongo, na mji huo umesumbuliwa sana na maradhi hayo. "Usitie saini nyumba yoyote," akasema, "mpaka mwenye nyumba akuonyeshe karatasi ya upimaji. Na watoto wapimwe damu."

Ndipo akaja kwenye mema. Shule, msikiti, duka na zahanati vyote vinafikika kwa miguu kutoka mitaa ya katikati. Watoto huenda chuo cha Kurani jioni kwa makundi, mkubwa akimshika mdogo. Kazi ya mpwa wetu ni kuwahudumia wazee katika makao yao, na Maine ndilo jimbo ambalo watu wake wana umri mkubwa kuliko majimbo yote ya Marekani, kwa hiyo mikono ya kazi hiyo hutafutwa kwa taa. Wabantu wana mashamba nje ya mji, wanapanda mahindi na mboga. Ama kuhusu kuchukuliwa kwa mtoto shuleni, mama yule alilijibu swali kabla halijaulizwa: "Mimi nachukua watoto wa nyumba nne. Wa tano hatanivunja mgongo."

Nje, binti yetu mkubwa alikuwa amesimama akiwatazama wasichana wa rika lake wakicheza mpira na hijabu zao. Baada ya dakika chache hatukumwona tena amesimama. Alikuwa miongoni mwao.

Uamuzi

Njiani tukirudi, mpwa wetu alisema, "Columbus wangenipokea wengi, Mjomba. Lakini hapa amenipokea mmoja ninayemjua mlango wake." Waarabu husema tafuta jirani kabla ya nyumba, nasi tumeyasomesha maneno hayo kwa miaka thelathini. Siku ile tulisomeshwa sisi.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kumwambia dada yetu. Alipokea simu kwa hasira. "Kaka, mwanangu aache mji unaojulikana na dunia nzima aende kijiji cha theluji? Nitawaambia nini watu? Usiache mbachao kwa msala upitao!" Tulimwacha amalize. Kisha tukamwambia habari ya daftari, ya kochi la jikoni, ya dawa zake zilivyolipwa, na ya madrasa. Alikaa kimya muda mrefu hata tukadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Huko mtoto atalala chumbani?" Tukamjibu atalala chumbani. Akasema, "Basi nendeni kwa baraka za Mungu."

Walihama Agosti kabla shule hazijafunguliwa. Walikataa nyumba mbili kwa kukosa karatasi ya upimaji, wakapata ya tatu yenye vyumba vitatu kwa dola 1,800. Mshahara wa mkwe wetu ulipungua, na hadi leo huikumbuka Boston kila mwisho wa mwezi. Mafuta ya baridi ya kwanza yalizidi hesabu yao. Lakini deni la kadi limekwisha. Sehemu yake tulilipa sisi kidogo kidogo, kwani tuliona ni haki ishikayo shingo zetu. Kununua nyumba kwa mkopo wa riba wamekataa, wakaona bora wapange kwa subira. Na mpwa wetu amepata leseni ya gari. Siku hizi yeye ndiye huwachukua watoto wa yule mama wakati wa theluji.

Matunda yalikuja mwisho

Tukiwa huko tulikumbuka dua ya Nabii Ibrahim (a.s.) alipomwacha mkewe na mtoto mchanga katika bonde lisilo na mimea, kama ilivyo katika Sura inayobeba jina lake. Aliuombea mji amani. Akataja kusimamishwa sala. Akaomba nyoyo za watu ziwaelekee wale aliowaacha. Na baada ya hayo ndipo akawaombea matunda. Sisi tulio wengi huanzia mwisho: tunauliza mshahara, kisha jina la mji, na amani na majirani huja baadaye kama ikipatikana nafasi.

Basi kwa familia yenye nia ya kuhama, iwe kutoka jimbo hadi jimbo huko ng'ambo au kutoka Mombasa hadi Malindi, twausia haya. Hesabuni kinachobaki baada ya kodi, joto, nauli na ushuru, wala si kinachoingia. Nendeni mkauone mji kwa macho, na ikiwezekana msimu wake mbaya, kwani nyumba njema si mlango. Baba akae na wazee msikitini, lakini mama naye akae na wanawake, na neno lake liwe na uzito katika shauri, maana yeye ndiye atakayefungiwa au kufunguliwa na mji ule. Ulizeni ubaya kwanza. Asiyeweza kuutaja ubaya wa mji wake hajaujua au hakupendi. Na mtazameni mtoto mkubwa, mtazame anasimama wapi wenzake wanapocheza.

Na kwetu sisi tuliobaki, kabla ya kumwandikia mtoto aliye ng'ambo kumwomba fedha za paa, harusi au dawa, tumwulize kwanza analala wapi. Huenda haya zimemzuia kusema.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu zote, za karibu na za mbali, ziwe na amani, sala, majirani wema na riziki ya halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.